Kompyuta Isilale Siku ya Umuganda

Kompyuta yangu niliinunua mtumba, ng'ambo ya mpaka, Goma, na ilikuja na kasoro yake: ukiiacha dakika kumi bila kuigusa, inalala. Kubadilisha mipangilio kulitaka nenosiri la mwenyewe wa zamani, na nenosiri hakuniuzia. Mimi nahariri video za harusi. Nikishahariri, mashine inachukua saa tatu kuikamilisha video moja. Mashine ikilala katikati, unaanza upya. Basi kila nilipotoka, fundi cherehani wa duka la pili aliingia kunitikisia kipanya, huku akinicheka.

Safari hii harusi ilikuwa ya dada yangu mwenyewe. Ilifanyika Kigali, na mama hakwenda, kwa sababu aliteleza uani akavunjika mguu siku nne kabla. Alilia mpaka na mimi nikalia. Nikamwahidi kwamba Jumamosi, maharusi wakija kumsalimu, ataiona filamu wakiwa wamekaa pembeni yake. Nikasahau kuwa Jumamosi hiyo ni ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Asubuhi maduka yote yanafungwa na kila mtu anabeba jembe, hata fundi wangu wa kutikisa kipanya.

Ijumaa nikaandika skripti, programu ndogo ya mistari minne tu: kila dakika, bonyeza kitufe. Kwa ujuaji wangu nikachagua Esc, nikidhani hakina kazi. Kumbe kazi yake ni kukatisha kazi! Video ikafa dakika ya kwanza. Nikajaribu tena na F15, kitufe ambacho hata kwenye kibodi yangu hakipo. Hebu fikiria, mashine inabonyezwa kitufe kisichokuwepo, na inakaa macho! Nilirukaruka dukani peke yangu kama mwendawazimu.

Nilimaliza kuhariri usiku, na Jumamosi asubuhi nikawasha kila kitu. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akagonga mlango.

"Donc, unangoja nini? Kamata jembe, funga duka!"

"Niko nakuja, muzee."

Tulichimba mtaro wa maji, na kicheko kilinitoka ovyo.

"We, iko nini leo?" fundi akauliza.

"Mashine inafanya kazi bila wewe."

"Utaikuta imelala."

Kicheko kikakatika. Mkutano wa mtaa wa baada ya kazi ulipokwisha tulikimbia wote wawili, majembe begani, tope mpaka magotini. Skrini ilikuwa inawaka: asilimia mia! Fundi akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani amejifungua.

Alasiri mama alikaa katikati ya maharusi, mguu juu ya stuli. Mimi nilikuwa nimechoka na kuchimba, na kiti kilikuwa laini. Filamu haikufika mbali, kope zikaniwia nzito. Mkongojo wa mama ukanichoma ubavuni.

"We, usilale! Angalia shangazi yako namna anacheza!"

Nikashtuka. Baada ya muda kidogo, mkongojo tena. Akafanya hivyo saa mbili nzima, macho yake hayatoki kwenye skrini, machozi yakimtiririka na meno yote nje.

"Mama, niache kidogo," nikamwomba.

"Mi nilikosa hii harusi mara moja," akasema. "Leo humu hakuna mutu wa kulala."