Nitairudia Jumatatu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hajawahi kumaliza kitu chochote isipokuwa chakula. Ni fundi umeme wa karakana yetu kwa miaka ishirini na minane, tena fundi hodari, sitamsingizia, lakini kazi zake zote ni za muda. Taa ya jikoni kwa dada inaning'inia kwenye nyaya mbili alizozisokota kwa muda wakati dada ana mimba ya kwanza. Mimba hiyo sasa ina ndevu. Geti lao limefungwa kwa kipande cha kebo. Hata alipokuja kuposa, wakamuuliza atamweka mke wapi, alijibu kwamba watakaa chumba cha uani kwa mama yetu, kwa muda. Mama ameshafariki, wao bado wamo. Karakana nzima inamwita Kwamuda, na anaitika.

Anatofautiana na wababaishaji wengine kwa jambo moja. Kila anapofunga kitu cha muda, anakiwekea lebo: kipande cha boksi, maandishi ya kalamu nene, selotepu juu yake, na siku atakayorudi kukimalizia. Harudi, lakini ameandika.

Mimi ni mwendeshaji wa mashine ya kuchonga chuma. Ina umri mkubwa kuliko ndoa ya dada, tunaiita Bikizee. Unafunga chuma mezani, meno yanazunguka na kukila polepole mpaka kitoke gia. Nimesimama mbele yake miaka ishirini na miwili, juu ya chaga ya mbao iliyowekwa ili miguu isigande kwenye sakafu baridi. Na niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ni mtu mzito. Mizani ya zahanati ilinipa kilo mia na nne, nikaiambia nayo ikapimwe.

Mwaka huu Bikizee alianza kuzimika. Katikati ya kazi, kimya. Ukibonyeza kitufe cha kijani anawaka, baada ya dakika tano kimya tena, na jino limeshavunjikia ndani ya chuma. Namwita shemeji. Anakuja na testa mkononi na tochi mdomoni, anasema, "Pisha, shemeji, nione." Napisha. Anapanda yeye pale, mtu wa kilo hamsini na tano pamoja na funguo, anawasha. Bikizee anazunguka nusu saa nzima bila hata kukohoa. Shemeji anafunga kisanduku cha umeme na kutangaza kwamba amepona.

Alimponya mara sita. Alibadilisha fyuzi, akasugua kontakta, ile swichi kubwa inayoshika umeme wa mota, akakaza skrubu zote, akailaumu hata transfoma. Gangaganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini, nami nilikuwa nayo tele. Nikirudi kwenye chaga, kipande kimoja hakijaisha, anazimika.

"Labda hakupendi, shemeji," akaniambia. "Badilisha sabuni."

"Na wewe badilisha kazi."

Fomeni hakuona cha kuchekesha. Yeye hesabu yake ni fupi: mashine inazimika mikononi mwa mtu mmoja tu, basi mtu huyo ndiye anayeizima. Aliniita kwenye kijichumba chake chenye kioo kilichopasuka, akaniambia amegundua kwamba nabonyeza kitufe chekundu kwa paja ili nipumzishe miguu. Barua ilikuwa tayari mezani, jina langu juu. Kuanzia Ijumaa nahamishiwa kufagia, na Bikizee anauzwa chuma chakavu.

Sikulia mbele yake. Nililia chooni, kwa hasira, nikaupiga mlango teke ukang'oka bawaba. Gia nilizochonga zinazunguka mpaka leo kwenye viwanda vya watu, halafu nimalizie na jina la mvivu na fagio mkononi.

Alhamisi asubuhi Bikizee akazimika, shemeji akaja.

"Pisha, shemeji, nione."

"Sipishi."

"Sasa nitapimaje?"

"Utapima nikiwa hapahapa. Mara sita umempima mgonjwa baada ya kuutoa ugonjwa."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha anayoielewa. Kisha akazunguka nyuma ya mashine, akafungua kisanduku, akashikiza testa kwenye njia ya kitufe cha kuzimia. Taa ya testa ikawaka.

"Washa," akasema. Nikawasha. "Sogea kushoto. Rudi. Inama kama unafunga chuma."

Nikainama, uzito wote ukaenda mguu wa kulia. Bikizee akafa, na taa ya testa nayo ikafa. Nikainuka, taa ikawaka.

"Tena."

Nikainama, ikazima. Nikainuka, ikawaka. Wachomeleaji waliacha kazi wakaja kutazama, mmoja akaanza kunipigia makofi ya kufuatisha. Shemeji hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, nikajua amekumbuka kitu.

"Shuka," akasema kwa sauti ndogo.

Aliinua chaga. Chini yake kulikuwa na kebo nyembamba, imetoka kwenye kisanduku inaelekea kitufe chekundu, imebanwa kati ya mbao na sakafu. Ganda lilikuwa limepondeka na waya wa ndani umekatika. Nikikanyaga mimi, ncha zinaachana. Akikanyaga yeye, hazina habari naye. Kando ya kebo kulikuwa na lebo, selotepu imegeuka rangi ya chai. Aliichomoa haraka akaitia mfukoni mwa shati, akidhani sijamwona.

Fomeni alikuwa ameshafika. "Nini hicho?"

"Kebo ya kitufe cha kuzimia. Imepondwa."

"Nani aliipitisha chini ya miguu ya mtu?"

Angeweza kusema ni fundi aliyemtangulia, marehemu hana wakili. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuomba ruhusa ya mtu, ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na sufuria yake ndiyo sufuria ya dada yangu. Lakini nikinyamaza, barua inabaki na jina langu, kwa maana kebo imepondwa na nani kama si mimi? Nilimchukia shemeji kwa pumzi tatu hivi.

Kisha akatia mkono mfukoni, akampa fomeni lebo.

Fomeni akaisoma kwa sauti. "Ya muda. Usiguse. Nitairudia Jumatatu." Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Jumatatu ipi?"

"Ile," shemeji akasema. "Ni miaka kumi na moja sasa." Akaninyoshea kidole. "Huyu hana kosa. Kila nikija namwambia apishe. Ningemwacha asimame, ningeliona tatizo siku ya kwanza."

Fomeni si mtu wa kupoteza karatasi. Alileta barua ileile, akakata jina langu kwa kalamu, akaandika la shemeji juu yake, na palipoandikwa kufagia akaandika onyo la mwisho. Shemeji akasaini. Mimi nikarudishwa kwa Bikizee bila neno la samahani, ila fomeni aliniambia nipunguze kula. Nikamwambia atanunua kwanza mlango wa choo.

Jumatatu shemeji alifika kabla ya kengele. Alipitisha kebo mpya ukutani, ndani ya bomba la chuma, kibano kila hatua, akaziba matundu, akafagia na vumbi lake, vitu ambavyo sijawahi kumwona akivifanya. Kisha akaniita.

"Panda, shemeji. Ruka."

Niliruka mara tano mbele ya karakana nzima. Sakafu ilitikisika, na Bikizee akaendelea kuzunguka. Shemeji akafunga lebo mpya kwenye bomba: "Ya kudumu. Imepimwa na shemeji." Niligeuka nikajifanya natafuta spana.

Jioni dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Shemeji yako amerudi kutoka kazini, hajala, amepanda juu ya meza akafunga taa ya jikoni. Geti ameliwekea bawaba. Sasa hivi yuko uani anapima kwa hatua, anasema anataka kutujengea nyumba. Ana ugonjwa gani mnaonificha?"

"Hana ugonjwa, dada," nikamwambia. "Jumatatu imefika, basi."