Sayari za Tusekile

Tusekile alipofungua kompyuta asubuhi ile na kukuta sayari zake zote zimeondolewa, hakupiga kelele. Lau angepiga kelele, Hamza angepata nafuu.

Wawili hao walikuwa wakitengeneza gemu ya simu nyuma ya duka la vipuri la babake Hamza, Kyela mjini. Mchezaji anarusha chombo angani, anatua kwenye sayari moja baada ya nyingine, anazichunguza. Hamza ndiye aliyeandika programu. Tusekile alichora sayari zenyewe, nyekundu kama udongo, zimezungushiwa mistari myeupe ya vyungu alivyokua akimwona mama yake akivipamba kule kijijini Ikombe, ufukweni mwa ziwa. Sasa mtu fulani aliyeijaribu gemu mtandaoni, asiyejulikana kwa sura wala kwa jina, ameandika kwamba hizo ni katuni za chekechea, na Hamza kwa uoga wake akazing'oa zote akaweka mawe. Mawe kama ya kweli, yenye nyufa na vumbi na vivuli, yanayochemsha simu mpaka gemu inakwama.

Hamza alijitetea kwamba anga si kanga. Mtu akitua lazima aamini ametua. Tusekile akamjibu kwamba mawe yamejaa ufukwe mzima wa ziwa na hakuna anayelipa nauli kwenda kuyatazama. Halafu akasema lililomkaa kooni.

"Umezifuta bila kuniuliza. Afadhali mwizi, hakai meza moja na mtu."

Akahamishia picha zote kwenye simu, zake na za Hamza, akapanda gari hadi Matema, kisha mtumbwi kwenda Ikombe. Hakutaka ushauri. Alitaka mtu wa kumwambia ameonewa.

Mama yake alikuwa akisugua chungu kwa kokoto. Alianza na mawe ya Hamza, akayasifu, akasema unaweza kudhani utayashika. Tusekile akavimba, akamfungulia za kwake. Mama akafuata mstari mmoja kwa kidole, uso ukimbadilika.

"Huu mstari ni wangu."

Tusekile akasema ndiyo, mama, tena kwa fahari. Mstari ule huzunguka mara mbili kisha ukakatika begani mwa chungu, na mteja wa soko la Matema akiuona haulizi nani kakifinyanga. Mama aliutafuta tangu usichana wake mpaka akaupata. Hata dada zake, wafinyanzi kama yeye, hawaugusi.

"Nimekuzaa," mama akasema. "Sikukupa mkono wangu uugawe kwa kila mwenye simu. Chora wako."

Akamsukumia chungu kibichi na bakuli la udongo mweupe. Tusekile akachora. Mstari ukazunguka mara mbili, ukakatika begani. Akaufuta, akachora tena, ukatoka uleule. Mama akarudi kwenye kokoto yake, wala hakumkaribisha chakula.

Aliporudi Kyela alimkuta Hamza amenywea. Alikuwa amezirudisha sayari zote, na akaomba radhi bila kulazimishwa. Tusekile akavuta kiti. Akakaa, akazifuta moja moja kwa mkono wake mwenyewe, akaweka mawe.

Hamza akauliza kama hatimaye ameona kwamba mawe ni bora.

Tusekile akasema ndiyo, kuliko kumwambia kwamba mstari ule haukuwa wake. Alikuwa hajawahi kumchukia kama saa ile, na safari hii hakuwa na kosa la kumshikia.