Mwamba Uliotoboka

Ukifuata pwani kutoka mjini Bagamoyo kuelekea Mbegani, palikuwa na mwamba uliotobolewa na mawimbi. Tundu lake lilitosha mtu kupita akiinama, na wanawake wasiojaliwa watoto walipelekwa hapo maji yakipwa. Unapita ukielekea baharini, unaweka nadhiri. Ukizaa, unarudi na mtoto, unampitisha kutoka upande wa bahari kuja nchi kavu. Bila hivyo, mtoto bado si wako.

Mimi nilipelekwa na mama mkwe, nami nilikwenda nimenuna. Shehe alikwisha kusema hiyo ni shirki, lakini katika nyumba ile mwenye kauli hakuwa shehe. Niliinama, jiwe likanichana bega, nikatokea upande wa pili nimelowa.

Nikazaa mtoto wa kiume. Tukangoja arobaini ipite, masika nayo ikaingia. Tulipokwenda kumpitisha, hatukukuta tundu. Dari lilikuwa limeporomoka, mawe yametapakaa mchangani. Bahari ilikuwa ikiula mwamba ule tangu enzi za mababu, ukaja kushindwa mwaka wetu sisi. Nikamwambia mama mkwe, basi tumpitishe hewani, kwani tundu si lilikuwa hewa? Hakucheka.

Tangu siku ile hakumpakata tena mwanangu. Alimpikia uji, akamfulia, akamkemea asisogelee maji, lakini kumshika, hapana. Alimwita "mgeni". Mtoto akitambaa hadi mapajani pake, yeye husimama. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Mama, huyu si damu yako?"

"Ndiyo maana, mwanangu," akasema. "Cha kuazima hakikumbatiwi. Tukinyamaza, huenda mwenyewe akasahau."

Hasira zikaniisha. Nilichobaki nacho kilikuwa kibaya zaidi, maana nilianza kumwonea huruma.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mwanangu alikwisha kuanza shule. Aliketi kando ya kitanda, akamnyooshea mkono. Bibi akauficha wake ndani ya kanga, akageukia ukutani. Mimi nilikuwa kati ya kitanda na ukuta, nikaona anavyolia bila sauti. Mtoto aliona mgongo tu. Akainuka, akaenda zake uani.

Nimemweleza mara nyingi tangu hapo, na sasa ni mtu mzima. Hunisikiliza mpaka mwisho, kisha husema, "Sawa, mama," kwa upole, kama mtu anayejua kwamba maiti hasemwi vibaya.