Papa Ndani ya Mfuko wa Kimea

Niliingiza mkono kwenye mfuko wangu wa kupikia pombe nikashika pezi la papa. Papa mkavu wa Pangani, yule ambaye ukimwingiza nyumbani huna haja ya kuwatangazia majirani. Mume wangu alikwenda huko Jumanne kwa kazi ya ofisi, akaona mfuko mweupe umetundikwa nyuma ya mlango, akauchukua wa kubebea kitoweo. Hakuuliza.

Mara ya kwanza aliutilia makaa, nikaufua, nikanyamaza. Mara ya pili aliutilia muhogo na udongo wake, nikasema kidogo. Hii ya tatu nilipiga ukelele mpaka mtoto akasahau kulia.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na maji yalikuwa yameshapata moto. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa abatizwe Jumapili, na mama yangu alikuwa anashuka kutoka milimani kuja kuionja pombe yangu. Sisemi kumwona mjukuu, mjukuu alishamwona. Tangu nilipokwenda sekondari, mama alikuwa akiwaambia watu kwamba mikono yangu imeshazoea kalamu, pombe haitaiweza. Jumapili hiyo ndiyo ingeonyesha kama alisema kweli.

Kimea nilikianza wiki nzima kabla. Niliuloweka mtama mwekundu, nikaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukatoa mikia, nikauanika, nikausaga wa kuparaza, usiwe laini. Wanawake wa kwetu huukoroga unga majini kisha huuchuja na kuukamua, chungu baada ya chungu. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Nguvumali, ua wa kushirikiana na sufuria moja kubwa. Ndipo nikashona mfuko wa kitambaa cha amerikani. Unga unaingia mfukoni, mfuko unaingia kwenye maji yenye moto wa kuuma kidole bila kukibabua, unafunika sufuria kwa blanketi mpaka maji yawe matamu, kisha unanyanyua mfuko na machicha yake yote. Unachemsha, unapoza, unatia chachu ya pombe iliyotangulia. Basi. Wenzangu waliicheka, wakaiita pombe ya dobi.

Bibi mwenye nyumba akatoka kuangalia kelele. Alikuwa Mwislamu, pombe haigusi, na sharti lake kwangu lilikuwa moja tu: sufuria zangu zisikutane na zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Mfuko wangu. Hebu nusa."

Akanusa, akafumba macho kwa raha. "Mwanangu, huyu si wa kupigiwa kelele. Nipe mie nimtie nazi."

Nikampa papa mzima.

Kuufua mfuko ule ilikuwa kazi bure. Nikaingia chumbani kutafuta kitambaa cheupe, imara, safi. Tulikuwa nacho kimoja: suruali ya ofisi ya mume wangu, imepigwa pasi, inasubiri Jumatatu. Niliichemsha kwanza, mimi si mchafu. Nikaifunga miguu kwa kamba ya katani, nikaijaza unga kotekote, nikafunga kiuno, nikaitumbukiza. Ikavimba, goti moja likachungulia juu ya maji.

Bibi alipopita tena akasimama. "Ehee! Ushampika bwana?"

"Bado. Nimeanzia chini."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama akapokea kibuyu. Akaonja. Akarudia.

"Haina makapi," akasema. "Umechujia nini?"

"Kitambaa cheupe, mama."

"Hm." Akanyoosha kibuyu kijazwe tena. "Basi shule haikukumaliza."

Kwa mama yangu hiyo ni hotuba.

Jumatatu mume wangu akaiona suruali yake, nyekundu kama tofali tangu kiunoni mpaka chini. "Mke wangu," akasema kwa ile sauti yake ya ofisini, "kama ulikuwa na malalamiko, ungeyaleta kwa utaratibu." Akavaa kaptula, akaenda kazini.

Utaratibu! Nikaandika barua, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda mpaka ofisini kwake mjini, ambako yeye ndiye karani wa kupokea malalamiko. Nikapanga mstari kama watu wote. Zamu yangu ilipofika nikamkabidhi karatasi dirishani, na makarani wenzake wakasogea kuisoma begani kwake:

"Bwana Karani,

Namlalamikia mume wangu, ambaye amechukua mfuko wangu wa kimea mara tatu bila ruhusa: kwa makaa, kwa muhogo na kwa papa. Mfuko huo si kikapu. Ni chombo cha kazi kama ulivyo mhuri wako, ambao mimi sijapata kuutumia kupondea vitunguu. Nataka yadi mbili za amerikani mpya, na mshonaji awe yeye mwenyewe. Mpaka hapo suruali inabaki kwangu, na inachuja vizuri. Nasubiri jibu hapa hapa dirishani. Nyuma yangu kuna watu."