Miti ya Jumamosi na Jumapili

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa nikinunua misumari katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisii mjini, majirani wa mtaa huo wakaja kukutana mbele ya kaunta. Walikuwa wamejitolea na kupanda miti kando ya barabara, na sasa jua lilikuwa linaikausha. Bomba la maji la karibu liko ndani ya ua wa nyuma ya duka hilo, ambao hufungwa duka likifungwa.

"Tumwagilie Jumamosi," alisema mama mmoja, fundi wa cherehani.

Mwenye duka, Msabato, alitikisa kichwa. "Jumamosi nimefunga, niko kanisani. Tuseme Jumapili."

"Jumapili mimi niko misa, Tata," yule mama alijibu, akimwita baba kwa Kigusii.

"Basi katikati ya wiki," mwenye duka akasema.

"Na wateja tumwachie nani?" akauliza jirani mwingine.

 Jirani mmoja akaanza kuondoka. Yule mama akatazama nje, miche ilikoinamisha majani, akasema polepole, "Basi itakufa sisi tukiomba."

Mwenye duka alihangaika na shada lake la funguo, akachomoa mmoja na kuuweka juu ya kaunta. "Wa mlango wa nyuma, Mama. Ukifunga, uvute kwa nguvu." Mkono wake ulikawia juu ya ufunguo kabla ya kuuachilia.

Siku hizi Wakatoliki humwagilia Jumamosi, Wasabato Jumapili, na miti imechipua. Nimehudhuria ibada nyingi za pamoja, sijaona makanisa yakielewana hivyo. Ubishi umebaki mmoja tu: kila upande unashikilia kwamba majani yalitoka siku yake.