Kicheko Hakihami

Kazi yangu ni kutafsiri vichekesho vya televisheni, vile vya kigeni ambavyo familia moja inakaa sebuleni mwaka hadi mwaka na kila anayeingia anaingia bila kubisha hodi. Nafanyia nyumbani, Lemara, hapa Arusha, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama banda la kuku. Kampuni moja ya Dar es Salaam inanitumia picha, mimi naandika maneno ya Kiswahili, na waigizaji wa huko wanayasema. Sauti za wale wageni zinafutwa. Kinachobaki ni muziki, milango inayofungwa na vicheko vya watazamaji wasioonekana.

Siku ya kwanza msimamizi wangu alinieleza kwenye simu kwamba naweza kubadili chochote, jina la chakula, sikukuu, hata sababu ya ugomvi, ila kicheko hakihami. Kama kimewekwa sekunde ya kumi na mbili, basi kufikia sekunde ya kumi na moja niwe nimeshasema jambo la kuchekesha. Nilidhani ni kazi nyepesi. Wiki hiyohiyo nikakutana na mwanamume aliyejificha kabatini kwa sababu amesahau siku ya kuzaliwa ya mke wake, na watu wanacheka mpaka wanapiga makofi. Nikabaki namtazama tu. Huku kwetu nani ajifiche kabatini kwa ajili ya siku ya kuzaliwa? Nikambadilishia kosa: amesahau kipaimara cha mdogo wa mkewe, na anayegonga mlango ni mama mkwe. Hapo hata mimi nilicheka. Shida ikawa mdomo wake. Kipaimara ni neno refu, na yeye alikuwa amefungua kinywa mara mbili tu.

Baba yangu aliiona kazi hii kuwa ya kipuuzi, na sikuwahi kumlaumu. Yeye alikuwa fundi makochi. Miaka yote ya utoto wangu tulipanga vyumba viwili Kaloleni, nyuma ya karakana yake, na nguo zetu za shule zilikuwa na vumbi la mbao hata zikitoka kufuliwa. Alipozeeka alirudi mlimani kwenye kahawa na migomba ya wazazi wake, akawa anakuja Lemara kunitembelea mara moja moja. Nikimwonyesha kipande nilichotafsiri, hakuwaangalia watu. Aliangalia kochi lao. Alishangaa kwamba limewekwa katikati ya chumba, mgongo umeelekea ngazi, wakati kuta ziko wazi na hazina kazi. Alisema fundi wa kochi lile alipata tabu bure kushona kitambaa kizuri mgongoni, kwa watu ambao hata shukrani hawana. Kicheko kikilipuka alinigeukia kunitaka nieleze kilichotokea, nami nikieleza, utani wote unakufa palepale.

Tulizungumza Kiswahili, siku zote. Mama yangu, ambaye ni marehemu, alikuwa mtu wa Singida, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa cha lazima nyumbani. Lakini baba alivuka mpaka. Alinikataza Kimeru, lugha ya kwao, kabisa, mimi mtoto wake wa pekee, akisema kitaniharibia Kiswahili cha mtihani. Shangazi, dada yake aliyeolewa Kikwe, alikuwa akija Kaloleni na maharage kichwani na Kimeru mdomoni, na akianza kunisemesha baba anamkatiza kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Niliokota maneno manne tu: la kumsalimia mkubwa, la maji, la kumwambia mtu asubiri, na la kukubali. Hilo la mwisho nilikuwa nikilisema vizuri sana. Shangazi alikuwa akinifanya nilirudie ili acheke kwa furaha, baba akiwa hayupo.

Mwaka juzi baba alianguka akikata majani ya ng'ombe. Kiharusi. Alipozinduka hospitalini mkono wa kulia ulikuwa umelala, na Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Chote. Nilimwambia shikamoo akanitazama kama mtu anayesikia redio ya nchi nyingine, kisha akanijibu kwa maneno mengi, laini, ya Kimeru, ambayo sikupata hata moja. Daktari alisema hutokea, lugha ya kwanza ya mtu ndiyo hung'ang'ania. Nikamuuliza Kiswahili kitarudi lini. Akasema tusubiri.

Sitajifanya mtoto mwema hapa. Nilikasirika. Nilimleta Lemara, nikampa chumba chenye jua, nikatafuta mzee wa Kipare wa kanisani kwetu awe anakuja kumwogesha asubuhi, na muda wote huo nilikuwa nimemkasirikia mgonjwa. Ulininyima mwenyewe, nilikuwa namwambia moyoni nikimlisha uji. Ulininyima, na sasa unaniomba nini?

Majirani Wameru sikuwakosa. Lakini baba mbele ya mtu asiye wa nyumbani alifunga mdomo, akaangalia dirishani mpaka mgeni aage. Simu nayo hakuitaka sikioni. Basi tukabuni njia, mimi na shangazi. Baba akisema kitu, nakirekodi kwenye simu, namtumia Kikwe, naye ananirudishia kwa Kiswahili akimaliza shughuli zake za shamba. Anasema sponji la kochi lako limelala, litakupinda mgongo. Anauliza kama ng'ombe ameshazaa. Anasema huyo anayemwogesha ana mikono ya baridi. Wakati mwingine jibu lilifika saa tatu baadaye, baba ameshasahau shida yake, mimi nakimbia na maji.

Mchana tulitazama televisheni. Ilikuwa sehemu ya kazi, kwa kuwa vipande vikishakamilika lazima nivikague. Nilimkalisha kwenye kochi langu lenye sponji lililolala, nikakaa pembeni na daftari. Mwanzoni alitazama makochi kama kawaida yake. Halafu siku moja kicheko kilipokuja, baba akacheka. Nusu ya mdomo ilicheka, nusu ilibaki pale pale, lakini alicheka, na akanigeukia kuona kama nami nimecheka. Maneno hakuyaelewa hata moja. Kwake Kiswahili changu chote kilikuwa kelele. Alichoelewa ni kwamba watu wamefurahi, na kwamba sasa ni zamu yetu.

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu siku ile tukawa tunacheka pamoja, yeye akifuata wale watu wasioonekana na mimi nikimfuata yeye. Akitupia neno katikati, kwa Kimeru, namjibu kwa lile neno la kukubali. Analifurahia. Anatupia jingine, namjibu tena. Mtu angepita nje ya dirisha angedhani baba na binti wanapiga soga la maana.

Kurekodi kukapungua. Shangazi alinitania kwamba nimemwachisha palizi ili asikilize eti yule mwanamke wa kwenye televisheni amenenepa, na yule kijana anatembea kama bata. Nikaona haya. Nikawa narekodi tu nikiona uso wake umekuwa wa maana, mengine nayapokea kwa neno langu lile moja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mvua inanyesha. Tulikuwa tunatazama kipande nilichokihangaikia wiki nzima. Kilikuwa na kicheko kirefu, cha sekunde kumi na moja, na nilikuwa nimekitafutia maneno mpaka nikayapata. Nilikuwa nakingoja kama mpishi anayengoja mtu aonje. Baba akaanza kuzungumza kabla hakijafika. Alizungumza polepole, sio kama anavyozungumzia mwendo wa bata. Akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Uso ulikuwa wa maana, hilo niliona, na ndiyo maana nilibonyeza simu ianze kurekodi, nikaiweka kwenye mkono wa kochi upande wangu.

Sikupunguza sauti. Rimoti ilikuwa juu ya meza, hatua mbili, na nilitaka kusikia kicheko changu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kicheko kikaja, baba akaendelea kuzungumza ndani yake, mimi nikacheka. Kilipokwisha naye alikuwa amemaliza, ananitazama. Nikasema lile neno. Akaniachia mkono, akaegemea, akafumba macho, na nilidhani amechoka.

Nilimtumia shangazi ile sauti. Simu yake ilikuwa imezimika chaji, na kijijini umeme ulikuwa umekatika kwa sababu ya mvua. Kesho yake asubuhi, yule mzee wa Kipare alipokuja kumwogesha, baba hakuamka vizuri. Kiharusi cha pili. Tulikaa hospitali wiki tatu, na ile sauti hakuna aliyeikumbuka. Alirudi akiwa hana Kiswahili wala Kimeru, wala sauti ya kuugulia. Anasikia, daktari ana hakika na hilo. Mkono wa kushoto bado una nguvu kidogo, na tulifundishwa kuutumia: akiminya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa Kiswahili haminyi kitu. Shangazi akimuuliza kwa Kimeru kama ana kiu, kama anataka kugeuzwa, anaminya.

Shangazi alikuja kukaa nami siku kadhaa, na ndipo tuliposikiliza ile sauti, jikoni, mlango umefungwa. Sauti ya kwanza ni mvua. Kisha baba anaanza, na shangazi anatikisa kichwa akifuata. Anakuita wewe, alisema, anasema mwanangu. Hapa anamtaja mama yako. Halafu wale watu wakaanza kucheka. Turudishe nyuma, alisema. Tukarudisha. Akaiweka simu sikioni, akaziba sikio la pili, akafumba macho. Tulirudisha mara ngapi sijui. Alipata neno ambalo laweza kuwa mahali au laweza kuwa shamba, hakuwa na hakika, na baada yake sekunde nyingi za makofi. Mwishoni kabisa akapata mkia wa sentensi. Ni swali, alisema. Alikuuliza kitu.

Mimi nafanya kazi na mafundi wa sauti. Nilimtumia mmoja wao Dar es Salaam, nikamwomba aondoe kicheko. Alijaribu kwa siku mbili kwa moyo wake wote. Akanieleza kwamba baba na wale watu wameingia kwenye simu kwa pamoja, na akimpunguza mmoja, mwingine naye anapungua. Nilimshukuru. Kisha niliingia chooni nikalia, maana kicheko kile nakijua kwa moyo, ningeweza kukiandika.

Mama alizikwa mjini, hapa hapa Arusha. Kaburi la baba, kwa kawaida ya kwao, lingekuwa mlimani, migombani, walipo wazazi wake. Nikajumlisha: mama yako, mahali, swali. Labda aliniuliza kama nitamlaza kwa mama. Labda aliniuliza kama nitamrudisha shambani kwao. Labda haikuwa hivyo hata kidogo, labda aliuliza kama mama naye angecheka. Nilitaka tumuulize kwa Kimeru, aminye mkono, tumalize. Shangazi alikataa katakata. Kumuuliza mtu aliye hai habari za kaburi lake ni kumchuria, kumwitia kifo, alisema, na mdogo wake hatachuriwa na yeye. Nilimsihi siku nzima. Mwishowe aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Wewe ulimjibu," alisema. "Wale watu walishanyamaza, sauti yako iko wazi. Ulimjibu kwa Kimeru, tena kizuri. Angejuaje kwamba hukuelewa?"

Nilirudi kusikiliza mwisho tu wa ile sauti, na kweli, ndio ulio safi kuliko yote: neno langu, halafu pumzi ya baba inayotoka ndefu, halafu kochi linalia chini ya mgongo wake. Nimekubali jambo. Baba ameliweka mikononi mwangu na ametulia, na hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia ni lipi.

Kabla hajarudi Kikwe, shangazi alinifundisha sentensi moja ambayo haimchurii mtu. Ni ya kuuliza tu: uliniuliza nini siku ile? Nilijifunza kwa siku mbili, silabi kwa silabi, mpaka akasema imekaa sawa. Kila asubuhi baada ya uji namshika baba mkono wa kushoto, nainama karibu na sikio lake, naisema. Najua vidole haviwezi kulijibu swali kama hilo, lakini sina jingine. Ananitazama usoni kwa muda, macho yake mapole, kama mtu anayekumbushwa jambo lililokwisha kupangwa vizuri. Halafu ananiminya mkono, mara moja.