Kumtuma Asiyeuliza

Mimi nikitumwa siulizi. Nina haya tangu mdogo. Mama akisema "kalete unga," naondoka na neno hilo moja, nikifika dukani nashindwa kuuliza, nabeba unga wowote ulio mbele. Nyumbani wamenicheka sana. Siku hizi mama ananituma kwa ukamilifu: unga wa muhogo, kwa yule mzee wa jirani na mashine, akikosa usilete wa mahindi, rudi mikono mitupu. Nikitumwa hivyo sikosei.

Sikujua kama hilo lingekuja kunifaa kwenye kompyuta.

Likizo hii kaka yangu alirudi kutoka chuo, akamtengenezea mama mdogo msaidizi wa akili mnemba. Mama mdogo ni mama lishe hapa Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama. Abiria wakiwa bado njiani, kule Somanga, wanaandika ujumbe, msaidizi anawajibu, basi likifika sahani ziko tayari. Kaka alimpa msaidizi zana tatu: ya kuangalia kilichobaki kwenye masufuria, ya kuweka oda, na ya kufuta oda. Msaidizi anachagua mwenyewe aitumie ipi, kwa kusoma maelezo mafupi ambayo kaka ameyaandika kwenye kila zana.

Siku ya kwanza mtu akaandika, "Mama, pweza yupo leo?" Huku kwetu kuulizia pweza ni kama kupiga hodi. Mtu ataulizia pweza, ataulizia samaki, mwisho anakula wali maharage. Msaidizi akaweka oda ya pweza. Akauliza mwingine, oda tena. Basi lilipofika, meza imejaa pweza na hakuna aliyemwagiza.

Mama mdogo hakugomba. Alifunika sahani zake taratibu.

"Baba," akamwambia kaka, "mtoto wako huyu ana pupa. Ijumaa tunamjaribu tena, akirudia namzima, nabaki na mdomo wangu."

Kaka aliumia, maana mama mdogo ndiye aliyemlea, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kutumiwa na watu wa kweli. Akaanza kumlaumu msaidizi, eti ni wa bure ndiyo maana hana akili. Nikamwomba nione yale maelezo. Kwa sauti ndogo, lakini nilimwomba.

Ya kwanza: "Zana hii inahusika na masuala ya chakula cha wateja." Ya pili: "Zana hii inahusika na masuala ya sahani za wateja." Ya tatu sikuimaliza.

"Kaka, wewe hapa ungechagua ipi?"

"Mimi najua tayari. Nimeandika mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Akanitazama. "Haya, ticha. Sahihisha."

Nikasahihisha. Nilimwambia ayafiche majina ya zana, abakize maelezo matupu. Kisha nikachukua ujumbe wa wateja mmoja mmoja na kujipima: mtu kama mimi, ambaye hatauliza, angeshika ipi? Niliposita tu, maelezo yamefeli. Yalifeli yote. Hakuna yaliyosema zana itumike wakati gani, inataka nini mkononi kabla ya kuanza, inaleta nini, na wakati gani isiguswe kabisa.

Kaka akaandika upya. Ya kuweka oda ikawa ndefu kama insha, mpaka sifa za nazi ya mama mdogo zimo. Niliipa alama kubwa kwa sababu ilikuwa tamu kusoma. Tulipoijaribu, msaidizi akamwekea oda mtu aliyesalimia tu. Nikaifuta alama yangu. Maelezo hayapimwi kwa utamu, yanapimwa kwa kumtuma mtu nayo.

Tukapunguza mpaka ikabaki hivi: "Tumia pale tu mteja ameshasema anataka chakula gani, sahani ngapi na yuko basi gani. Akiuliza tu kama kipo, usiitumie, tumia ya kuangalia. Asipotaja basi, muulize kwanza."

Hilo la "muulize kwanza" nililisoma mara mbili. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naruhusiwa.

Ijumaa ujumbe ukaingia: "Pweza yupo?" Mama mdogo alikuwa ameshika upawa, macho kwenye simu. Msaidizi akajibu: "Yupo, wa nazi. Nikuwekee? Na uko basi gani?" Mama mdogo hakuchota. Tukasubiri.

"Hapana, wali maharage mmoja. Basi la bluu."

Mama mdogo akacheka mpaka upawa ukagonga sufuria. "Si mnaona, pweza wanamsalimia tu. Haya, msaidizi wako muache abaki."

Kaka akaninyooshea kidole. "Msahihishaji yule pale."

Mama wa chapati wa banda la pili alikuwa amesikia yote. "Na mimi nataka wangu. Maelezo anaandika nani?"

Nilitazama viatu vyangu, halafu nikamtazama yeye.

"Shikamoo mama. Naandika mimi. Ila nikuulize kwanza: chapati zikiisha, unataka awaambieje?"